Asali ya shangazi na vidonge vya daktari

Shangazi yangu anakaa Ujiji, na kwake yeye maumivu ya viungo yana dawa moja tu: asali ya porini iliyokorogwa na tangawizi ya kutwanga, kijiko asubuhi na kijiko usiku. Siku aliponiletea chupa ya kwanza, vidole vyangu vilikuwa vimevimba kiasi kwamba pete ilibidi ikakatwe kwa fundi. Hakuwa amesahau kwamba nina kisukari. Yeye ndiye aliyenilea, na nilipoanza insulini nikiwa na miaka 13, sindano za mwanzo alinichoma yeye. "Hii si sukari, mwanangu," akaniambia. "Sukari ni ile ya dukani. Hii ni asali, na baridi haistahimili kitu cha moto."

Nilicheka. Wiki tatu baadaye nilikaa mbele ya daktari, akavibonyeza vidole kimoja kimoja, akaniandikia prednisoloni. Ni dawa yenye nguvu. Ndani ya siku mbili niliweza kufunga vifungo vya blauzi mwenyewe. Ila inapandisha sukari kuliko asali ya shangazi, na kadi yangu ya kliniki ya sukari ilikuwa pale pale mezani pake. Hakuniuliza nachoma yuniti ngapi. Siku ya nne mdomo ulikuwa umekauka kama majivu, nakwenda chooni kila nusu saa, mashine ya kupimia sukari inasoma 24.

Tangu hapo simcheki shangazi. Yeye na daktari walikosea kwa namna moja, kila mmoja alitibu ugonjwa aliokuwa anautazama. Nimeishi na kisukari aina ya kwanza miaka 21, na ugonjwa wa viungo, ule tunaouita baridi yabisi, miaka sita, hapa hapa Kigoma. Mabingwa ni wachache, hilo linajulikana na limeshaandikwa sana. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba ile hesabu ya dawa hii dhidi ya dawa ile haina mwenyewe. Kliniki ya sukari ina siku yake na mlango wake, viungo vina mlango mwingine, tena mara nyingi katika mji mwingine, na anayebeba hesabu kutoka mlango hadi mlango ni mgonjwa, kichwani, bila kufundishwa.

Majina yenyewe yanachangia kutupoteza. "Baridi yabisi" ni maneno mawili yenye asili ya Kiarabu, baridi na kavu, na yametokana na utabibu wa kale wa Wagiriki na Waarabu uliopanga maradhi na vyakula kwa joto, baridi, ukavu na unyevu. Wazee wa Ujiji bado wanautumia utabibu huo bila kuutaja: chakula hiki ni baridi, kile ni moto. Kwa hiyo mtu akivimba magoti, ataulizwa amelala wapi, ameoga maji gani, amekaa wapi mpaka upepo wa ziwa ukampiga. Mimi niliambiwa nimejitakia kwa kudeki bila viatu. Nalo jina "kisukari" linamnong'oneza kila anayelisikia kwamba umeila sukari mwenyewe. Bweni zima niliposoma liliamini kuwa usiku nalamba sukari ya chai kwenye sanduku langu. Hilo nalo lilipita, ingawa ufunguo wa lile sanduku ninao mpaka leo.

Magonjwa yote mawili ni kazi ya mlinzi mmoja. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inazigeukia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua mpaka mwili hauna insulini ya kutosha kuishi. Kisha, kwa watu kama mimi, inaugeukia utando laini unaofunika viungo kwa ndani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kinachokula kimo ndani ya ngozi yenyewe. Ndiyo maana mwenye kisukari aina ya kwanza yumo hatarini zaidi kuliko wengine kupata ugonjwa huu wa viungo. Mwaka 2004 watafiti waliihusisha jeni moja, PTPN22, na magonjwa yote mawili. Ila ile sura ya jeni iliyochunguzwa ni ya kawaida kwa watu wenye asili ya Ulaya na adimu sana kwa Waafrika, kwa hiyo undugu wa maradhi haya katika damu yangu unahitaji maelezo mengine, na waliopaswa kuyatafuta kwetu ni wachache.

Nirudi kwenye prednisoloni, maana hapo ndipo kila kitu kinapogongana.

Januari 1922, mjini Toronto, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa insulini. Septemba 1948, huko Rochester, Minnesota, daktari Philip Hench wa Mayo Clinic alimpa kortisoni mwanamke ambaye viungo vilikuwa vimemlaza. Baada ya siku chache mama huyo alikuwa anatembea. Kazi zote mbili zilipata Tuzo ya Nobel, ya kwanza mwaka 1923, ya pili mwaka 1950. Prednisoloni ni mdogo wake kortisoni. Sijui kama kuna mtu mwingine anayezimeza tuzo mbili za Nobel kila asubuhi na kuziacha zivutane kamba tumboni mwake, moja ikishusha sukari, nyingine ikipandisha. Sawa, moja nachoma, simezi. Lakini kamba ni ile ile.

Na kamba hiyo ina ratiba. Prednisoloni ikimezwa asubuhi, kama inavyoelekezwa, sukari haipandi papo hapo. Inaanza kupanda mchana, inazidi alasiri na jioni, halafu usiku wa manane inashuka. Sasa tazama tunavyopimwa. Mgonjwa anaambiwa aje hajala kitu. Anafika saa moja asubuhi, anakaa benchi, anatobolewa kidole, mashine inasoma 6.1, anapongezwa. Nimepongezwa hivyo mara nyingi, na alasiri ya jana yake nilikuwa 19. Mashine haikudanganya na nesi hakukosea kusoma. Kipimo kilichukuliwa saa ambayo dawa imelala, na kwa sababu kadi ina sehemu ya asubuhi tu, kwenye kumbukumbu za kliniki mimi ni mgonjwa wa mfano.

Ukishaiona hiyo 19 mwenyewe, kwa mashine yako ya nyumbani, unaingia kwenye mtego wa pili. Mkono wa haraka unaongeza insulini ya jioni, ile ya mchanganyiko. Sehemu yake inayokawia itafanya kazi usiku kucha, wakati prednisoloni imeshalegea. Alfajiri unajikuta sukari imeshuka mno. Kilichohitajika, kama nilivyokuja kuelewa baada ya kuumia, kilikuwa insulini iliyolengwa kwa mchana na alasiri, na kuipunguza kila vidonge vinapopunguzwa. Huo ni mpango wa ukurasa mmoja. Mtu akiandikiwa siku anayopewa vidonge, anakwenda nao nyumbani. Mimi niliutunga kwa miezi saba.

Alfajiri, tena, ndiyo saa mbaya ya mikono. Ugonjwa huu hukaza viungo asubuhi, mara nyingi kwa saa nzima au zaidi, mikono yote miwili kwa pamoja. Basi hebu waza: saa kumi na moja, jasho linakutiririka, moyo unadunda, sukari 2.9, soda iko mezani na kizibo chake kikiwa juu. Usiku mmoja nilijaribu kukifungua kwa meno. Nilifaulu, na jino la pembeni linakumbuka. Siku hizi nalala na kikombe cha plastiki chenye sukari iliyokwisha kukorogwa kwenye maji, kimefunikwa kisahani, na kikombe chenyewe kimesimama kwenye sahani ya maji kwa sababu ya sisimizi. Hilo halimo katika kijitabu chochote cha kisukari nilichowahi kupewa, maana vijitabu vile vinamwandikia mtu mwenye mikono. "Vuta hewa, geuza chupa, vuta dawa mpaka kwenye mstari." Kwenye bomba la insulini yuniti mia moja ni mililita moja, mistari ile ni myembamba kama unywele. Kidole gumba kikigoma njiani, umechoma nusu, na hujui ni nusu ipi. Nasukuma kwa kiganja. Siku mbaya binti wa jirani, yuko darasa la sita, ndiye anayenivutia dawa, na kwa kusoma mistari hana mpinzani mtaani kwetu. Mama yake alimkataza mwanzoni, kwa kudhani nitamwambukiza.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba kisukari cha miaka mingi nacho hukaza mikono kwa njia yake. Ngozi na kano zinakakamaa, bila uvimbe na bila joto, mpaka mtu akibana viganja kama anayesali panabaki nafasi katikati. Kwa hiyo kwenye kliniki ya sukari vidole vyangu vinaitwa kisukari, na kwa daktari wa viungo vinaitwa viungo. Matibabu si yale yale. Kwenye kisukari unadhibiti sukari na kunyoosha mikono. Kwenye viungo, kukawia kuanza dawa sahihi ni kuacha mfupa uliwe, na mfupa ulioliwa haurudi.

Nina kisa cha unga pia, nacho sikisimulii kwa kujisifu. Kiangazi kimoja vidonge viliniishia, na nikanunua sokoni unga wa "mizizi" uliokuwa unasifiwa na kila mama mwenye magoti. Siku ya pili ngumi zilifunguka. Nilibeba ndoo ya maji kutoka bombani, majirani wakashangilia. Siku ya tatu mashine ya sukari iliandika HI, maana yake imepita kiwango inachoweza kusoma. Nilikaa kitandani nikiitazama ile mashine, na nikaelewa kwamba imenifanyia kazi ya maabara. Viungo vinalegea kwa siku mbili na sukari inaruka kwa siku tatu: mzizi wa namna hiyo nilishaumeza ukiwa na jina lake la hospitali. Katika nchi nyingi unga na vidonge vinavyouzwa kama mitishamba vimekutwa na steroidi ndani yake, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, deksamethasoni ikiwemo. Ubaya hauishii kwenye sukari. Mtu anayemeza steroidi kwa wiki nyingi, tezi zake zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe zinalala, na hatakiwi kuacha ghafla. Sasa mtu asiyejua kwamba anaimeza atajuaje asiache? Atamaliza pakiti, atakosa nauli ya kwenda sokoni, ataanguka, na watu watasema sukari ndiyo iliyomuua.

Dawa nyingine zina ugomvi wao, nitazipita haraka. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila duka la dawa linakupa ukitaja goti, zinazichosha figo, na figo za mwenye kisukari tayari zina mzigo. Hidroksiklorokwini, dawa nyingine ya viungo, ni ndugu wa ile klorokwini chungu ya utotoni mwetu, iliyoondolewa mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria nchini. Hii inaweza kushusha sukari kidogo, jambo zuri mpaka likukute hukulijua, na inahitaji macho yaangaliwe, macho yale yale ambayo kisukari kinayavizia. Methotreksati, nguzo ya matibabu ya viungo, inamezwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki. Mtu aliyezoea kuchoma sindano kila siku ni rahisi sana kuimeza kila siku, na kosa hilo linaua. Tena haifai kabisa kwa mwanamke anayebeba au anayetafuta mimba. Nilipoelezwa hilo nilikuwa nimeolewa miezi minne, na aliyenieleza alisema huku anaandika, bila kuinua macho. Mazungumzo yaliyofuata na ukweni ni makala nyingine.

Hata kile kipimo kinachoheshimiwa kuliko vyote, cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, hakiko salama mwilini mwangu. Kinasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi. Kuvimba kwa viungo kwa muda mrefu huleta upungufu wa damu; malaria huzivunja chembe kabla ya siku zake, na chembe changa hazijapata muda wa kubeba sukari, kwa hiyo majibu yanatoka mazuri kuliko hali halisi. Upungufu wa madini ya chuma nao huweza kuyavuta upande wa pili. Mkoa wenye malaria kama wetu usingetegemea namba hiyo peke yake kwa mtu yeyote, sembuse kwa mwenye viungo.

Bingwa wa viungo niliyemwona alikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kwa treni. Insulini niliifunga kwa kitambaa kibichi ndani ya kijungu cha udongo, ule ujanja wa mtungi ambao bibi zetu walipozea maji. Unafaa kiangazi, masika hewa ikishiba unyevu, maji hayakauki na mtungi haupoi. Barafu niliikataa, kwa kuwa insulini iliyoganda imeharibika hata kama inaonekana safi. Bingwa alikuwa mtu makini sana. Alinipanga dawa zangu vizuri kwa upande wa viungo, akaandika chini ya barua: "Sukari ifuatiliwe kliniki ya kwao." Kliniki ya kwetu walisoma barua ile wakaandika: "Dawa za viungo aendelee kama alivyoelekezwa." Barua zote mbili ninazo. Ukiziweka pamoja utaona watu wawili wenye heshima wakipishana mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie.

Mimi ni mwalimu, nina bima, na hilo linanitenga na wengi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na naitakia heri. Lakini bima inalipa chupa, inalipa vidonge. Hakuna fomu yenye mstari wa kulipia dakika kumi za kuvipatanisha.

Hoja ninayoitarajia ni kwamba wenye magonjwa haya mawili kwa pamoja ni wachache, na daktari mwenye foleni ya watu sitini hawezi kupanga siku yake kwa ajili yetu. Wachache ni kweli. Ila prednisoloni hawapewi watu wa viungo peke yao. Wanapewa wenye pumu, wenye ngozi, wenye figo, na humo ndani wamo wazee wengi wenye kisukari aina ya pili ambao nao wanapimwa asubuhi na kupongezwa. Mpango ule wa ukurasa mmoja ungewafaa wote. Wala hauhitaji bingwa. Agosti 2022, mjini Lomé, nchi za Afrika kupitia Shirika la Afya Duniani ziliridhia mkakati uitwao PEN-Plus, wa kuleta matibabu ya magonjwa sugu makali kwenye hospitali za wilaya, mikononi mwa manesi na maafisa tabibu waliofundishwa. Umetanguliza kisukari aina ya kwanza, selimundu, na ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Jina letu limo kwa bahati, kwa upande wa moyo. Viungo vyenyewe havimo kwenye orodha hiyo ya mwanzo. Hata hivyo wazo lake ndilo ninaloliomba: mtu mmoja aliyefundishwa, anayemtazama mgonjwa mmoja mwenye sindano, vidonge na vipimo, badala ya milango inayogawanywa kwa majina. Ukishamfundisha nesi kupanga insulini na kusoma vipimo vya ini na figo, kumwongezea methotreksati ni somo la wiki chache, si la miaka. Viungo viongezwe. Naandika hivi nikijua kwamba fedha ni tatizo, lakini miezi yangu saba ya kubahatisha nayo ilikuwa na gharama yake, pamoja na siku nne nilizolazwa wodini.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki na daftari la watoto la mistari, nimeligawa katikati kwa rula: kushoto asubuhi, kulia saa kumi jioni, na pembeni vidonge nilivyomeza siku hiyo. Nesi ni mgeni, amehamia karibuni, kijana wa kike mwenye sauti ya chini. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa wakati foleni inaguna.

"Haya ya saa kumi, dada, nani alikwambia upime?"

"Hakuna."

Akachukua kadi yangu, akatafuta pa kuandika. Kadi ile ina sehemu moja tu ya sukari kwa kila tarehe. Akaigeuza ubavu, akaandika pembezoni kwa herufi ndogo, "na saa 10 jioni", kisha akaniuliza kama daftari anaweza kubaki nalo mpaka kesho, amwonyeshe daktari.